Shati la Ern Gerlach

Naweka dau hamtaniamini. Tena naliweka mapema, kabla hata sijaanza, maana nawajua. Hapa Warrindal nikisema mvua inanyesha watu wanatoka nje kwanza kuhakikisha. Sawa, nimejitakia. Nilishawaambia niliacha shule kwa sababu walimu waliishiwa maswali ya kuniuliza. Nilishawaambia nilishindana mbio na kangaruu dume nikamwacha nyuma. Ukweli ni kwamba shule ilinishinda nikiwa na miaka kumi na minne, na kangaruu dume akinijia juu mimi hupanda uzio kama paka. Lakini hili la Una Gerlach na shati la marehemu mumewe nimeliona kwa macho haya mawili, na hakuna kitu nimewahi kutaka kama kuwa na mtu mmoja pembeni yangu aliyeliona pia.

Naitwa Kel Noonan. Nafanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama, kilomita tisa nje ya mji, mwaka wa kumi na moja huu. Uzio natengeneza mimi, chakula nagawa mimi, wageni nawachekesha mimi. Tuna kangaruu sitini na mmoja na walabi, wale wadogo zao, kumi na wanne. Wenzangu wanasoma namba kwenye hereni za masikio ndio wajue nani ni nani. Mimi sina haja. Nipe mgongo tu, nipe mkia unavyoburuzwa, nitakutajia jina na mama yake. Hilo si majigambo. Haya, ni majigambo, lakini ni ya kweli.

Sasa Una.

Una alipeleka barua miaka thelathini na moja. Njia yake ilikuwa ile ya vumbi inayozunguka mashamba ya ngano mpaka chini ya milima, kilomita mia na arobaini kwa siku, siku tano kwa wiki, na kigari cheupe ambacho mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Barua zilikaa kiti cha mbele. Kwenye mfuko wa mlango alikuwa na mkasi, pini, foronya za mito, na kopo la rangi ya njano ya kupuliza.

Malori yakishapita usiku, asubuhi unakuta kangaruu wamelala pembeni miguu juu. Una alikuwa anasimama kwa kila mmoja. Nasema kila mmoja. Anashuka, anapiga goti vumbini, anatia mkono kwenye mfuko wa tumbo. Akikuta hamna kitu anapuliza msalaba wa njano pajani, ili anayekuja nyuma ajue huyu ameshaangaliwa. Akikuta mtoto, anamtoa. Kama bado ni mdogo sana, kang'ang'ania titi, humvuti, utampasua mdomo. Unakata titi lenyewe, unalibana na pini kwenye foronya asije akalimeza, foronya inaingia ndani ya sweta, na safari ya barua inaendelea.

Barua zilichelewa, bwana. Watu walilalamika weee mpaka wakachoka.

"Una, leo umebatiza wangapi?" wanamuuliza dukani.

"Saba. Wewe naona bado unangoja zamu yako."

Baba yangu alikuwa anawapiga risasi, maana walikuwa wanamla ngano. Siku moja alimsimamia getini kwetu akiwa na kofia mkononi kwa hasira. "Gerlach, unawalea hao ili waje wanile mimi!"

"Wakikula wewe, Mick, watahara," akasema Una, akamkabidhi barua zake.

Na barua ya mwisho kutoka shuleni kwangu, ile ya kusema mtoto wenu hajaonekana darasani wiki sita, hakumpa baba. Alinisubiri kwenye uzio akanipa mimi mkononi. "Sijui imeandikwa nini," akasema, "lakini imekaa vibaya. Kaiongee mwenyewe na mzee wako." Nikaiongea. Nilichapwa. Lakini nilichapwa kama mwanaume aliyeenda mwenyewe, na hilo sijalisahau.

Mumewe ndiye Ern. Mkata manyoya ya kondoo, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Ern alikuwa hawataki hao kangaruu. Nyumbani kwao foronya zilitundikwa migongoni mwa viti vyote karibu na jiko la kuni, kila moja na kitu kinachojinyonganyonga ndani, na Ern analalamika: "Siku hizi ukitaka kukaa kwenye nyumba hii lazima uombe ruhusa kwa mto." Watoto arobaini na kitu walipita jikoni pale, na hakumpa hata mmoja jina. Una ndiye aliyewapa. Ern aliwaita wote "huyo wako."

Halafu mapafu ya Ern yakagoma. Vumbi la mabanda ya kondoo, miaka yote ile. Majira yake ya mwisho ya baridi alikaa kwenye kiti mbele ya jiko, hawezi kutembea mpaka chooni bila kupumzika njiani. Na ndio mwaka Una alileta kitoto kimoja cha kike, kibapa, cha kahawia, kinatetemeka. Foronya haikutosha, chupa ya maji ya moto haikutosha. Na barua zinangoja. Basi Una akamfungua Ern vifungo viwili vya shati, akakiingiza kile kitoto mle ndani, kifuani, akafunga.

"Una," Ern akasema, "mimi si mfuko."

"Kwa sasa huna kazi nyingine," Una akamjibu, akachukua funguo za gari.

Miezi minne kile kitoto kilikaa ndani ya shati la Ern. Yeye ndiye aliyekipa jina. Pikelet, kama vile vikeki bapa vya kikaangoni tunavyokula na jemu. Ern alifariki mwezi wa nane, saa nne asubuhi, kwenye kiti hicho hicho. Una alikuwa njiani na barua. Aliporudi alikuta Pikelet bado yumo ndani ya shati, amelala. Una aliniambia hilo mara moja tu, na siku hiyo hata mimi nilinyamaza.

Mwezi wa kumi na mbili alimleta kwetu. Mtoto akifikia umri huo lazima aingie kwenye kundi, na sheria yetu ni ngumu: unatundika mfuko getini, unageuka, unaondoka. Miezi mitatu usionekane, usiite, hata harufu yako isifike. La sivyo mnyama anabaki anasubiri mtu na hajiungi na wenzake. Wengi hawaiwezi. Nimeshawakamata watu wazima wamelala kwenye nyasi nje ya uzio wanachungulia. Una alitundika mfuko, akanipa chupa ya maziwa, akaenda. Alipewa miezi mitatu, akakaa miaka mitatu.

Akaja Jumanne moja ya mwezi wa tano mwaka huu. Nilimwona anashuka kwenye gari la mtu, na fimbo.

"Bi Gerlach! Mi nilidhani umeshaolewa tena."

"Nani anioe? Wewe?"

"Alhamisi nina nafasi."

"Alhamisi naosha nywele." Akaegemea dirisha la tiketi, akapumua. "Nimeuza nyumba. Nahamia mjini Bendigo kwa mtoto wa dada yangu. Wiki mbili zimebaki. Miguu imekwisha, macho nayo yako njiani. Nataka kumwona yule."

"Yule yupi? Umetujazia hifadhi nzima."

"Kelvin."

Akishakuita jina zima, utani umefungwa. Nikachukua ndoo.

Tukaingia. Wa kwanza kutulaki alikuwa Sajenti, walabi mmoja mzee, shingo nyekundu, tumbo kubwa, mwizi wa kuzaliwa. Hajali wewe ni nani, anataka kujua umebeba nini. Alitia mikono yote miwili kwenye mkoba wa Una akatoka na leso.

"Hiyo ndiyo tiketi yako ya kuingia," nikamwambia Una.

Hakucheka. Alikuwa anatafuta kwa macho. Nikamwonyesha: chini ya mti, yule mwenye kipengo sikioni, ameinama anakula majani, na kwenye mfuko wake mguu mmoja mrefu wa mtoto umechomoza nje kama mtu aliyesahau kuvuta shuka.

Una akasimama wima. Akabana ulimi nyuma ya meno akatoa ile sauti, ch-ch-ch, taratibu, ile ambayo mama kangaruu anamwitia mtoto wake. Wote waliolea watoto hawa wanaijua, lakini ya Una ni ya kwake, inakatika mwishoni. Pikelet akainua kichwa. Masikio yakageuka. Akatuangalia, anatafuna. Halafu akarudi kwenye majani yake.

"Vizuri," Una akasema. "Ndivyo nilivyomlea."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshika waya wa uzio, na haukuachia.

Tukakaa kwenye benchi. Nilimpa chai kwenye kifuniko cha chupa yangu. Akanywa yote ndio akasema.

"Ern hakuwa na ndugu. Wenzake wa kukata manyoya wote wako makaburini. Watu wanaojua Ern alikuwa ananukaje tumebaki wawili, mimi na huyo pale. Sikutaka anirukie. Nilitaka tu kukaa kidogo na mwenzangu anayejua."

Mtu mwingine angemshika mkono akanyamaza. Mimi nina mdomo. Nikamuuliza, "Hakuna shati lake lililobaki?"

"Lipo moja. Alilokuwa amevaa. Liko kwenye kopo la bati la biskuti, nimelizungushia plasta."

"Hulifungui?"

"Jumapili. Kidogo tu. Kila nikifungua linapungua."

"Lete," nikasema. Nikasimama kabisa, kama mtu anayegombea ubunge. "Lete hilo shati. Nalitundika pale kwenye nguzo karibu na maji, siku chache tu. Wanyama hawa wanaishi kwa pua, Una. Wewe umempigia kelele, pua yake haijasikia kitu. Akishalinusa, Jumanne ukija na lile shati atakukimbilia mbele ya watu. Isipokuwa hivyo niite kondoo mpaka nife."

"Na harufu yenyewe je?"

"Ya mkata manyoya? Kwenye flaneli? Hiyo haitoki hata kwa patasi."

Kesho yake asubuhi akaja na kopo. Alilitoa mwenyewe, shati la miraba ya kijani, viwiko vimepauka. Akalivalisha henga, akafunga vifungo, akaacha viwili vya juu. Hakulinusa mbele yangu.

"Jumanne," akasema. "Usilisahau."

"Mimi? Nisahau?"

Jumatano hamna kitu, ila Sajenti alikula kifungo kimoja. Alhamisi walikuja madume wawili wachanga, wakanusa, wakapiga chafya, wakaondoka. Ijumaa, saa nne kasorobo asubuhi, nilikuwa peke yangu na ndoo. Basi la wageni lilikuwa bado halijafika. Na simu yangu nilikuwa nimeiacha kwenye pikapu, kwa sababu huyo huyo Sajenti alishanitafuna moja.

Pikelet alikuja kunywa maji. Akanyanyua kichwa katikati ya kunywa, maji yanamdondoka kidevuni. Akakaa hivyo. Halafu akaja kwenye nguzo polepole, kwa ule mwendo wa kuegemea mkia, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Akajinyoosha wima. Akashika pindo la shati kwa mikono yote miwili. Akanusa juu, akanusa chini. Halafu akatia kichwa pale kwenye vifungo vilivyoachwa wazi, akakisukuma ndani, mpaka kwapani, mpaka masikio yakalala nyuma yakapotea.

Akabaki humo.

Mimi ndoo iko mkononi. Sikuthubutu kuiweka chini. Nikamwona ananyanyua mguu mmoja wa nyuma, halafu anaushusha, halafu ananyanyua tena. Kama humjui mtoto wa kangaruu anavyoingia mfukoni nikwambie: anatangulia kichwa, halafu anajipindua, miguu inafuata. Pikelet alikuwa anatafuta pa kupandishia mguu. Mama mzima, kilo ishirini na kitu, na mtoto wake mwenyewe tumboni. Nguzo ikalia. Yule mtoto akatoa kichwa nje ya mfuko kuangalia mama yake amepatwa na nini.

Nilihesabu pumzi zangu. Ishirini na mbili. Halafu akatoa kichwa, akalamba mikono yake kama wanavyofanya wakisikia joto, na asubuhi ilikuwa baridi. Akaenda zake.

Nilikimbia mpaka ofisini. Bosi akaniambia, "Ndiyo, Kel. Na baada ya hapo alikuomba sigara?" Avis Lowrie, yule mama mkubwa wa kundi la wanaojitolea kufua, hata hakuinua uso kwenye cherehani yake. "Mwaka jana alisema ndege emu amemsalimia kwa Kijerumani," akamwambia bosi.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje.

Jumamosi mchana wingu likashuka kutoka milimani, jeusi, na mimi nilikuwa natoka kwenda kwenye mpira wetu wa Kiaustralia, ule wa kuhesabu pointi. Nilikuwa nimeshavaa skafu ya timu. Nikakumbuka shati. Nikajisifu moyoni, unaona, Kel hasahau. Nikakimbia, nikalitoa nguzoni kabla tone la kwanza halijaanguka, nikalipeleka chini ya paa, nikalitundika kwenye kulabu pembeni ya mlango wa chumba cha kufulia. Kavu kabisa. Nikaenda mpirani, tukashinda kwa pointi tatu, nikaimba njia nzima.

Ile kulabu, mtu yeyote wa hapa aliyewahi kulea kangaruu anaijua. Kinachotundikwa pale ni kichafu. Mifuko ya watoto iliyokojolewa, foronya zilizotapikiwa maziwa, vyote vinangoja pale, na Jumapili akina Avis wanakuja wanavikusanya bila kuuliza, maana tuliwafundisha wasiulize. Usafi ndio unaowaweka hai hawa watoto. Mimi mwenyewe nimetundika mifuko pale mara elfu. Mkono ulijua njia, ukaenda wenyewe, na kichwa kilikuwa uwanjani.

Jumatatu asubuhi nilienda nguzoni nilirudishe, nikaona nguzo tupu, nikakumbuka kulabu, nikaona kulabu tupu. Shati lilikuwa juu ya meza ya Avis. Limepigwa pasi. Limekunjwa mraba kama la dukani.

"Nimekushonea na kifungo," Avis akasema, anafurahi. "Lilikuwa linanuka, Kel, Mungu wangu. Nimelipitisha kwenye sabuni mara mbili."

Nikamwambia asante. Ungemwambia nini?

Nililinusa nje, nyuma ya tenki la maji. Sabuni ya mikaratusi. Nikaingiza pua kwenye kola, kwenye mikono, kwenye mishono ya ndani. Mikaratusi, mikaratusi, mikaratusi.

Jumanne Una alikuja nywele zimetengenezwa. Mpaka na lipstiki kidogo. Mimi nilikuwa nimejiandalia mizaha mitatu ya kuanzia, niliifanyia mazoezi kwenye pikapu. Hakuna hata mmoja uliotoka. Nikampa shati.

Alijua kabla hajaligusa, kwa vile lilivyokunjwa. Akalipeleka puani hata hivyo. Akakaa nalo hapo. Nilisikia basi la wageni linafunga mlango kule nje, watoto wanapiga kelele, na yeye bado.

"Mikaratusi," akasema.

Nikamweleza. Wingu, skafu, kulabu, yote, sikujipaka mafuta. Nilitaka anitukane. Una ana matusi mazuri kuliko mwanaume yeyote wa wilaya hii, na siku hiyo nilikuwa nayahitaji. Hakunipa hata moja.

"Kifungo kashona nani?"

"Avis."

"Kashona vizuri."

Akachukua fimbo yake akatangulia kwenda ndani. Nikamfuata na ndoo, nikaipindua chini, akaikalia, shati mapajani. Pikelet alikuwa amejilaza chini ya mti, mtoto yuko nje anajifunza kuruka, anaanguka, anajifanya hakuanguka. Una akaita, ch-ch-ch, na ile kukatika mwishoni. Pikelet akageuza sikio moja tu. Aliyekuja ni yule mtoto. Ruka, simama, ruka, mpaka kama hatua nne kutoka kwenye ndoo. Ana kope ndefu. Una hakunyoosha mkono. Kule nyuma Pikelet akaita mara moja, mtoto akageuka mbio, akatumbukia mfukoni kichwa mbele, miguu ikabaki inapiga hewa.

"Basi," Una akasema. "Nimemwona."

Hapo ndio nikaanza kumsimulia ya Ijumaa. Nilikuwa nimeogopa kusimulia, maana nilijua yatakavyosikika: mtu ameharibu kitu, sasa analeta hadithi ya kubembeleza. Nikasimulia. Una alikuwa anaangalia mti, si mimi.

Nilipomaliza akasema, "Kelvin, ule mwaka uliposema umemwona chui mweusi kule mtoni. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Na yule emu?"

"Uongo."

"Na siku ile uliposema baba yako alilia alipouza shamba?"

"Hakulia. Nililia mimi."

Akatikisa kichwa. "Wewe ni mtu mzuri, lakini maneno yako nayajua tangu huna meno ya mbele. Ukimvunjia mtu kikombe, unampa hadithi nzuri kuliko kikombe. Sasa hili nikuamini vipi?"

Miaka arobaini na sita nimefurahia kuwa mimi. Dakika ile pale ningependa kuwa mtu mwingine yeyote, bubu mmoja tu wa kijijini, anayeongea mara mbili kwa mwaka, ili akifungua mdomo watu wageuke.

"Huwezi," nikamwambia. "Lakini nimeona."

Sajenti akaja akakaa pembeni ya ndoo, akaanza kupekua mfuko wa koti la Una, na Una akamwachia.

"Kichwa alitia wapi?" akauliza.

"Hapa kifuani, kwenye vifungo vilivyo wazi. Halafu akasukuma mpaka kwapani."

"Kwapa lipi?"

"La kushoto," nikasema. Sikufikiri hata kidogo.

Akageuka ndio akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ern alimlaza kushoto," akasema. "Mkono wa kulia alikuwa anashikia chai."

"Hukuniambia."

"Najua sikukuambia. Sijamwambia mtu."

Akalikunjua shati, akaharibu mikunjo yote ya Avis, akalilaza mapajani jinsi linavyotaka. Akapitisha mkono kwenye kwapa la kushoto, polepole, kama anatafuta kitu kilichodondoka kwenye mshono.

"Anza tena," akasema. "Polepole. Alikuwa anakunywa maji."

Nikaanza tena. Akanisimamisha kila mahali. Masikio yalilala vipi? Mguu alinyanyua mara ngapi? Pumzi ishirini na mbili, zangu au zake? Nilisimulia mara tatu mpaka tukapiga kengele ya kufunga, na nilipotaka kuongeza kidogo, hata kidogo tu cha kunogesha, alijua papo hapo. "Hilo hapana," anasema, na narudi nyuma. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho. Machozi yalitoka, lakini hakuyajali, aliyaacha yafanye kazi yao.

Mtoto wa dada yake akaja kumchukua na gari. Nikamfungulia mlango, nikamshikia fimbo.

"Ningeambiwa na mtu mwingine," akasema akiwa ameshakaa, "ningelala vizuri zaidi."

"Ungekuwa na mtu mwingine ungekuwa na shati."

"Ndiyo," akasema. "Hilo nalo."

Sasa yuko Bendigo. Ananipigia Jumapili, saa kumi na moja jioni, saa ile aliyokuwa anafungua kopo. Haulizi hali ya hewa, haulizi mpira. "Haya," anasema, "nisimulie." Namsimulia neno kwa neno, bila chumvi. Hakuna kazi ngumu kama hiyo nimewahi kufanya, na humu nimeshachimbia nguzo kwenye mwamba. Upande wa pili nasikia anapumua, basi. Tukifika kwenye kwapa, huwa anasema yeye mwenyewe: "la kushoto," na mimi naendelea.

Mwezi uliopita nilikuwa nabadilisha waya pale karibu na maji, jua likatoka, nikavua jaketi nikalitundika kwenye nguzo ile ile, kwa henga ile ile. Nikarudi nyuma niliposimama siku ile na ndoo. Jaketi lilikuwa limenigeukia. Kilicho kushoto kwangu, kwa mwenye kuvaa ni kulia. Nililizungusha jaketi, nikasimama huku, nikasimama kule, nikafumba macho nikamwona tena anavyoingia.

Nilimwambia la kushoto. Lilikuwa la kulia. Hapo nilikosea, na Una bado sijamwambia.